Daftari la Mnada

Mimi ndiye niliyeshika daftari,
kalamu ya bluu imefungwa kwa uzi wa gunia,
miaka kumi na mmoja nje ya kanisa letu huku Mbokomu,
ambako mji wa Moshi unaonekana chini
kama mabati yaliyoanikwa yakauke.

Ibada ikiisha hatuendi nyumbani.
Aliyekosa hela ya sadaka ameleta alichonacho:
mkungu wa ndizi, mayai manne kwenye kitambaa,
boga, kibaba cha maharage.
Mzee Elinihaki hukiinua juu, hukipigia debe
hadi boga lionekane lina ukoo.

Jumapili yao ya kwanza, mama wa kimisionari,
Riikka, aliyetoka na mume na watoto wawili
nchi ambako barafu huwa mlangoni, siyo kileleni,
aliinua mkono kufukuza nzi.
"Elfu nane! Jogoo amepata mama!"
Nikaandika: Rika, jogoo, 8,000. Hajalipa.
Jina nililisikia hivyo. Sikulisahihisha.

Jogoo alikuwa wa Aikaruwa, mkorofi tangu yai.
Saa tisa usiku aliiamsha nyumba nzima ya misheni,
na Mchungaji Tuomas akatoka na tochi na soksi
kumsihi kwa Kiswahili cha kitabuni:
"Tafadhali, ndugu, bado ni mapema."
Sisi ng'ambo ya mfongo tulicheka ndani ya blanketi.

Walijifunza. Mama alijifunza kumenya ndizi mbichi
bila kuchafua gauni kwa utomvu.
Nasema uongo, hakujifunza;
magauni yake yote yalikuwa na ramani nyeusi.
Eero, yule mdogo, alijua matusi ya Kichagga
kabla hajaijua Sala ya Bwana.
Aino alichota maji na wenzake,
akamwaga nusu njiani, kama wenzake.

Lakini Alhamisi, jumuiya ilipokutana,
yeye Riikka ndiye aliyegawa:
maandazi, dawa, nyuzi, soksi za wazee.
"Na wewe, mama, tukuombee nini?"
"Mimi sina shida," akasema,
akainuka kuongeza chai.
Aikaruwa akaninong'oneza,
"Asiye na shida atakaaje na sisi?"

Kisha mwezi wa tano ule wa mvua.
Taifodi ikamlaza mchungaji,
barabara ikakatika pale darajani,
Eero naye akaanza kuungua.
Hatukualikwa. Tulifika tu,
huyu na kuni, huyu na mtori kwenye chupa ya chai,
mwingine mikono mitupu,
akakaa jikoni bila neno hadi kukapambazuka.
Vijana wa kwaya waling'oa mlango wa stoo,
wakamlaza mchungaji juu yake, wakavuka naye mto
wakiimba besi peke yake,
maana sauti ya kwanza ilikuwa inahema.

Riikka alisimama na birika tupu.
Sukari ilikwisha tangu Jumanne.
Akatutazama mmoja mmoja, akasema,
"Niombeeni."
Neno moja tu, na viambishi vyote vilikaa mahali pake.

Walipona. Baada ya miaka minne wakaitwa kwao.
Jumapili ya mwisho Rika hakuleta bahasha.
Alileta jogoo, mzee sasa, jicho moja,
kamkwapatia kama kitabu cha nyimbo.
Mnada ukanyamaza.
Elinihaki mwenyewe alitafuta maneno kwenye kofia yake.
Mkono ulioinuka ulikuwa wangu,
na nzi hawakuwapo.

Nikajiandika kwa mwandiko wangu:
Mkunde, jogoo, 20,000. Amelipa 19,500.

Jogoo alikufa kiangazi kilichofuata.
Hatukumla; ile nyama isingeiva hata kwa mkesha wa maombi.
Siku hizi daftari analo binti wa Aikaruwa,
na kila Jumapili hunionyesha ule mstari:
"Mama Mkunde, mia tano."
Ninayo. Iko hapa, nimeifunga kwenye ncha ya khanga.
Namwambia, Jumapili ijayo.