Koti la Namur

Mama amelianika koti langu darini,
kati ya kanga mbili na shuka la mtoto wa jirani,
nalo linaning'inia zito, mikono wazi,
kama mgeni aliyekosea nyumba akaona haya kuuliza.

Siku ya nne tangu nirudi Langoni.
Bado naamka saa kumi na mbili kasorobo
nikidhani basi la shule limeniacha.
Napapasa ukutani swichi isiyokuwapo.
Jana kichochoroni nimepishana na punda wa Bwana Shee,
akanipiga bega kwa gunia la saruji,
nikamwambia, "Pardoni."
Watoto wameshapata jina la kuniita.

Bibi Barke ataka hadithi za theluji.
Sina. Ilianguka mara mbili,
ikawa tope kabla ya saa sita.
Ninazo za kungoja zamu ya bafu,
za supu ya liki isiyokwisha sufuriani,
za Josiane, mwenyeji wangu, na nyama yake ya Jumapili:
"Hata kipande?" Nami, "Hata kipande."
Na alfajiri ya kwanza ya mfungo
nilimkuta jikoni, nywele timutimu,
amekaanga mayai.
Akala daku nami bila kusema neno,
kisha akarudi kulala.

"Na lugha yao?"
Nasema, meza kwao ni mwanamke.
"Nani alomvua nguo akaona?"
Kijiko mwanamke. Uma mwanamke. Kisu, mwanamume.
Bibi acheka hata mtandio wamwanguka:
"Wake watatu, mume mmoja, na mwenyewe ni kisu!"
Namwambia na "wewe" wanazo mbili,
ya rafiki na ya mkubwa,
nami mwezi mzima nilimpa mwalimu mkuu ile ya rafiki
na mbwa wa jirani ile ya heshima.
Mbwa alifurahi.

Kuna moja sijawahadithia.
Mwezi wa kumi na moja, saa kumi na moja jioni na giza tayari,
mwalimu alituzungukia darasani:
kila mtu ataje anachokionea hamu.
Thibaut akataja baiskeli yake iliyoibwa.
Mimi nikasema bahari.
Lakini bahari na mama, kwa lugha ile,
hutoka kinywani kwa sauti moja;
kinachotenganisha ni kijineno cha mbele,
nami vijineno vya mbele nilikuwa bado navimeza.
Darasa zima likasikia mama.
Mwalimu akavua miwani.
Msichana wa nyuma, asiyewahi kunisalimu,
akanisukumia pakiti ya leso za karatasi.
Sikuwasahihisha.
Kwanza sikuwa na maneno ya kusahihishia,
halafu nikawa nalia,
halafu sikujua tena nimesema lipi.

Mama yupo, anachagua mchele, hatazami juu.
"Kule hukutuwaza?"
"Niliiwaza bahari."
"Bahari," asema, "haikukuzaa,"
na kijiwe kimoja akakitupa nje ya ungo.

Asubuhi hii koti halipo kambani.
Limeanguka nyuma ya tangi la maji,
na ndani ya bitana paka wa kijivu,
yule wa msikitini,
amezaa wanne.
Nikainama kulitoa. Koti la mtumba, ndiyo,
lakini lilimeza pesa zangu zote za sikukuu,
na mfukoni mna tikiti ya basi
niliyotaka kuiweka.
Mama akanishika mkono.
"Muwate. Koti lishapata kazi."

Akaanza kushuka ngazi, kisha, bila kugeuka:
"Hebu, mama kwa Kifaransa waitwaje?"
Nikamwambia.
Akalijaribu mara mbili, la pili likatoka vizuri.
"Na bahari?"
Nikamwambia.

Akasimama kwenye ngazi ya tatu,
mkono ukutani.