Viatu vya Majivu

Kuteleza si kuanguka, husema watu
ambao hawajawahi kukaa juu ya farasi mwenye viatu
kwenye lami ya Sawala, mwezi wa Julai,
ukungu umelala barabarani kama ng'ombe asiyetaka kuinuka.

Mimi nilikaa.
Kona ya pili baada ya kiwanda cha chai,
pale malori ya magogo yanapokanyaga breki
na kudondosha dizeli, tone kwa tone,
lami imesuguliwa ikang'aa kama sufuria la siku ya mkwe.
Kwanza nilisikia mlio,
si ule ko-ko, ko-ko tuliouzoea,
bali kwaaa,
chuma kikichora mstari mrefu juu ya jiwe,
kisha Majivu akapiga magoti
kama muumini aliyechelewa ibada.
Nami nikamtangulia.

Magoti yake yana makovu mawili yasiyoota manyoya.
Langu lina moja. Tunajuana.

"Farasi hakuomba viatu," alisema Luvanda,
fundi wa vyuma, Mafinga, nyuma ya stendi.
"Mtu ndiye aliyemvalisha, kwato zisilike,
halafu mtu huyohuyo akamtandikia lami ya kumwangusha.
Deni ni letu."
Alikuwa anachomelea geti la kanisa.
Hakuvua miwani.

Akaniuliza, unazo biti za keekee zilizokufa?
Zile za kutobolea zege?
Nikaenda kwenye ghorofa linalojengwa,
nikaokota kumi na moja kwa bei ya maandazi manne.
Alizing'oa ncha, punje kama za mtama,
ngumu kuliko neno la mkopeshaji,
akazizamisha kwenye chuma, mbili kila kiatu,
kisiginoni, zichungulie tu.

Weka sita, nikamwambia.
Weka kumi. Nataka ashike kama kupe.

Luvanda akaweka nyundo chini.
"Ukimshikisha kabisa, utamvunja.
Mguu ukitua lazima usogee kidogo,
upana wa ukucha wako wa mwisho, ndipo usimame.
Kile kidogo ndicho kinachookoa goti.
Lami haikubali kupinda. Chuma hakikubali.
Utakaokubali ni mfupa."

Sikuwa na jibu.
Harufu ya kwato iliyoungua ikajaa karakana,
nywele za saluni siku ya Jumamosi,
na mama Sekalinga, aliyefuata geti lake,
akaziba pua kwa khanga lakini hakuondoka.
Mguu wa tatu Majivu alipoanza kutetemeka
ni yeye aliyeshika hatamu,
akampapasa shingo, kamwene, kamwene,
kama anayemsalimia mgeni aliyetoka mbali na baridi.

Tulirudi jioni.
Nilimpitisha kati ya njia za tairi,
pale lami ingali na vipele.
Sikuvuta hatamu. Anayeogopa huvuta,
na anayevutwa kichwa hajui aweke wapi miguu.
Kwenye kona yenyewe nilishuka.
Luvanda hakuniambia nishuke,
goti langu ndilo lililosema.

Tukatembea bega kwa bega, mimi na raba zangu za mtumba,
yeye na ncha zake nane za kutobolea zege,
na nikasikiliza:
ko,
kisha kitu chembamba, ss,
kama mtu anayejifuta miguu mlangoni,
kisha kimya cha mguu uliosimama.
Ko. Ss. Ko. Ss.
Hadi mwisho wa dizeli.

Nyuma yetu zilibaki alama mbilimbili, nyeupe, ndogo,
ambazo lori la kwanza la magogo lingezifuta.
Nikapanda tena kwenye mashamba ya chai,
udongoni, ambako hakuna anayehitaji biti.

Geti la kanisa, nasikia, bado halina bawaba.