Mambo Matano

Niliwachapia karatasi, kila moja mistari mitano:
"Andika mambo matano uliyojifunza shambani."
Watoto thelathini na wanane wa darasa la tatu,
waliozaliwa ghorofa ya nne, ya sita, ya saba,
huko Pipeline, ambako jua huingia chumbani
kama mgeni mwenye haraka:
dakika kumi saa sita, hata chai halingoji.

Waithaka, nyuma ya ua wa michongoma,
ekari moja na nusu, ng'ombe watatu, kuku, sukumawiki,
na harufu.
Harufu ndiyo iliyotoka kutupokea.
Mutheu akavuta sweta hadi machoni.
Wakesho, mkamuaji, mabuti hadi magotini,
akachota samadi kwa sepetu, akacheka:
"Hii ndiyo sukumawiki yenu ya jana
kabla haijawa sukumawiki."
Nikaona midomo ikihesabu chakula cha jana.

Nilikuwa nimepanga: sehemu za mmea,
wanyama wa kufugwa na faida zao.
Somo likanichoropoka kama jogoo.
Jelimo alifukua kiazi kwa vidole,
akakishika kama aliyeokota simu ya mtu:
"Mwalimu, ni cha nani?"
Barasa, asiyetulia kitini hata dakika tatu,
alichuchumaa mbele ya kuku anayeatamia.
Siku ishirini na moja, akaambiwa.
"Na akichoka?"
"Akichoka," Wakesho akasema, "anakaa akiwa amechoka."
Barasa naye akakaa.

Ndipo Abdirizak akaniuliza, mbele ya wote,
kama najua kukamua.
"Zamani," nikasema.
Uongo. Nimelelewa Jericho;
maziwa yetu yalikuja kwa baiskeli, ndani ya mtungi.
Wakesho aliitazama mikono yangu, akanisogezea kigoda.
Nikavuta. Hakuna.
Nikavuta tena, nikamwomba Mungu.
Sofia akageuza shingo, akanikagua
kama mkaguzi kutoka wizarani,
na watoto wakacheka hadi kuku wakatawanyika.
"Sijui," nikasema. "Sijawahi kujua."
Kicheko kikakatika.
Hilo halikuwemo kwenye ratiba.

Otuoma hakuwa akicheka.
Kwao maziwa hutoka kwenye mashine dukani:
unatia shilingi ishirini, yanamiminika ya shilingi ishirini,
na hakuna jicho linalokutazama.
Alikuwa amezunguka nyuma ya zizi,
akamkuta ndama kafungwa kamba.
"Huyu anakunywa nini?"
Wakesho, aliyekuwa na jibu la kila kitu,
akafuta mikono kwenye leso, polepole.
"Anapewa. Asubuhi kidogo, jioni kidogo. Yanayobaki."
"Yanayobaki baada ya nani?"

Ndoo ilikuwa katikati yetu, povu likizima moja moja.
Nilitafuta sentensi. Nina cheti cha ualimu, nina miaka kumi na miwili kazini,
sikupata sentensi.
Otuoma akanyoosha mkono,
na ndama akavipokea vidole vyake, vyote vinne,
akavinyonya kwa imani yote.

Jioni nilisahihisha.
Jelimo: viazi havitoki gunia.
Barasa: kuku ana subira kuliko mama (usimwambie).
Mutheu alijaza mitano na kuongeza wa sita pembeni,
kwamba Mwalimu hajui kukamua.
Otuoma alikuwa na mstari mmoja tu:
"Ulimi wa ndama unakwaruza."
Minne mitupu chini yake, mieupe kama maziwa.
Kalamu nyekundu niliishika mpaka wino ukakauka ncha.

Jumatatu, saa nne, uji wa maziwa.
Otuoma alikunywa, akaacha kina cha kidole.
Kiranja akamfokea: unaharibu chakula!
Akanitazama mimi.
Nilikaribia kusema malizia. Nilikaribia kusema acha.
Kikombe kilikaa mezani mpaka kengele,
utando ukijishona juu yake, taratibu,
na sisi wawili tukikilinda.