Senta wa Mwaka wa Kwanza

Uwanja wa chuo, huku Nyegezi, hauna majukwaa.
Una mawe. Makubwa, yamelaliana mgongo kwa mgongo,
na juu yake kila Jumamosi, saa tisa,
hukaa mabingwa wa kuona.
Mimi hukaa chini, mezani, na daftari la alama,
kalamu mbili, na masikio.

Leo habari ni moja: mtoto wa Ukara.
Malegesi. Anasomea ualimu wa hisabati,
futi sita na inchi kumi.
"Na moja," anasema Bugumba,
"nimempima mwenyewe kwenye mlango wa duka langu."
Mlango wa Bugumba, tangu tuujue, umepinda.

"Mikono anayo," anasema Mama Nyanzala wa mwaloni,
aliyepima sangara miaka ishirini
na hajawahi kuiamini mizani.
"Ila bado ni kichwa na miiba.
Mpeni misimu miwili ya ugali ndipo mumtie bei."
"Miwili? Mmoja tu, watu wa Dar watakuwa wameshambeba!"
"Wambebe wampeleke wapi? Hajui kugeukia kushoto."
"Kushoto kunafundishwa. Urefu unafundishwa shule gani?"

Hapo wananyamaza kidogo.

Mpira unamfikia chini ya kikapu,
mtu wa Butimba amemganda mgongoni kama kupe.
Mtoto anatulia. Anadunda mara moja.
Anainua bega la kulia, uongo mtupu,
kisha anazungukia kushoto,
kushoto kulekule,
na kuuegesha mpira ubaoni
kama mtu anayerudisha yai kiotani.

Mawe yanalipuka.
Bugumba amesimama, anadai aliwaambia.
Hakuwaambia. Nilikuwepo.

Robo ya tatu anakosa mitupo huru minne,
mmoja haukugusa hata chuma.
Kisha anagongana na kijana mmoja mwembamba,
kijana anaanguka, refa hapulizi,
na senta wetu, badala ya kukimbia,
anainama, anamwinua, anampangusa vumbi magotini,
huku nyuma yake wenzake wanafungwa.
"Mpole!" wanalia juu ya mawe. "Mpole mno!
Senta mpole ni mti wa kivuli, watakuja kumlalia!"

Mzee Shilinde ndiye hajasema kitu.
Alichezea timu ya kiwanda cha pamba
enzi ambazo pete ya kikapu ilichomelewa gereji.
Sasa anasema, kama anayejisemea,
"Mtazameni anavyotua.
Anaruka kwa miwili, anatua kwa mmoja."
Hakuna anayemjibu.
Goti lake mwenyewe limenyooshwa juu ya jiwe
tangu tulipofika, kama kitu alichoazimwa.

Tumefungwa, sitini na mbili kwa hamsini na tisa.
Watu wanateremka wakibishana,
namsikia Bugumba hadi kule kwenye lami,
msimu mmoja, miwili, Dar, ng'ambo.
Usubi umepanda kutoka ziwani
na kuizingira taa pekee tuliyo nayo.

Anakuja mezani. Kivuli chake kinafunika kurasa zote mbili.
Nimemwandalia namba zake: pointi kumi na saba,
ribaundi kumi na nne. Haziulizi.
"Dada, faulo yangu ya tatu ilikuwa dakika ya ngapi?"
Namwonyesha kwa ncha ya kalamu.
Anaitazama muda mrefu kuliko inavyostahili.
"Nilichelewa mguu," anasema.

Anarudi uwanjani bila mpira.
Anauweka mguu. Anauondoa. Anauweka.
Kisha anaruka, peke yake, kukamata hewa,
na kutua,
kwa mmoja.

"Miwili," anasema Shilinde kule juu, kwa sauti ndogo
isiyofika hata kwangu sawasawa.
Mlinzi ameshika swichi, ananitazama.
Namwomba asubiri,
maana mzee ameanza kushuka jiwe,
goti bovu likitangulia.