Kwa Butoyi, Aliyefunga Duka

Bukuru anakula. Hilo liandikwe kwanza,
nisije nikaonekana sina shukrani.
Anakula uji, anakula kijiko,
angekula na ncha ya kanga yangu.
Lakini wewe Butoyi,
uliyetoka dakika kumi na moja nyuma yake,
mdomo wako ni duka la Ujiji Ijumaa saa saba:
limefungwa,
na mwenye duka yumo ndani, anachungulia.

Nilianza na uji wa ulezi. Ukarudi.
Nikauchuja kwa kitambaa. Ukarudi.
Nikaponda ndizi, nikaponda viazi, nikaponda boga
mpaka mwiko ukaniuliza:
mwenzangu, unamponda nani?
Mgebuka nilimchambua dirishani, mwiba kwa mwiba,
macho yamenitoka kama fundi saa.
Nyama yake ukaipokea juu ya ulimi,
ukaifikiria,
ukairudisha kidevuni taratibu, bila hasira,
kama mtu mwaminifu anayerudisha chenji iliyozidi.

Kibirizi nzima wana dawa.
Mama Ntibabaza: mkabe pua, atameza.
Wifi yangu Leokadia: mnyime ziwa, njaa ndiyo mwalimu.
Mwenye mashine ya kusaga anasema ni jicho,
na bei ya kusaga nayo imepanda,
sijui kama vinahusiana.
Kuna mmoja aliuliza, mbele za watu,
eti nampa huyu namnyima yule.
Huyo sikumjibu. Niligeuza dagaa kwenye kichanja,
na kila dagaa siku ile alikuwa na uso wake.

Pua nilikukaba. Mara moja.
Na hilo liandikwe.
Ulimeza, ndiyo, ulimeza,
kisha ukanitazama
kama mtu anayejifunza sura ya mgeni.
Nikaenda nyuma ya nyumba, nikakalia ndoo iliyopinduliwa.
Maziwa yakalowesha blauzi.
Sikujua nifute wapi kwanza.

Kadi zenu mbili zinakaa bahasha moja.
Vidoti vya Bukuru vinapanda
kama barabara ya Mwanga ukitoka stesheni.
Vyako vinatembea tambarare,
mzee aliyebeba mzigo, anapumzika kila mwezi.
Nesi Editha hakufoka.
Alikufungua mdomo kwa kidole, akamulika, akakupapasa tumbo,
akasema: usimnyime ziwa. Mwache ashike mwenyewe. Achafuke.
Mrudishe baada ya wiki mbili, nimpime tena.
Halafu, anaandika, hata hakuinua kichwa:
na wewe, leo umekula nini?
Nikamwambia wali.
Wali upi, Butoyi? Wewe shahidi.

Jana usiku umeme ulikatika.
Bukuru amelala, shavu limeganda uji.
Nikaweka sahani yangu chini: ugali wa muhogo,
matembele yaliyoogelea kwenye mawese,
na wewe pajani, kwa kuwa pa kukuweka hapakuwepo.
Sikukubembeleza. Sikuimba. Sikusema ndege inakuja.
Nilikuwa na njaa tu, nikala.
Gizani nikasikia mkono mdogo ukipiga sahani.
Ukaenda mdomoni.
Kimya.
Ukarudi kwenye sahani.
Nikaacha hata kutafuna, nikazuia pumzi
kama mwizi anayesikia mlango ukifunguka wenyewe.
Ya pili. Ya tatu.
Ya nne ukaipaka kwenye gauni langu,
ukafuta vizuri, pande zote mbili za kiganja,
ukasinzia.

Doa la mawese halitoki. Mwanamke gani wa Kigoma hajui?
Gauni nimelitundika msumarini, halijafuliwa.
Leokadia alipopita akasema, we, mbona uchafu.
Nikamwambia niachie.

Leo asubuhi duka limefungwa tena.
Haya.
Nimekaa barazani kwako, sahani iko katikati yetu,
nami natazama pembeni, ziwani, kwingine kabisa,
kijiko nimekificha mgongoni.