Upindo wa Ndani

Binti wa kaka yangu, Ghaliya, alikuja na kishikwambi,
akakiegemeza kwenye jora la kitambaa cha Kijapani,
akasema: Shangazi, hebu upumzike.

Ibra, wiki tatu kabla ya Idi Kubwa.
Simuni mna jumbe za sauti mia na arubaini,
kila moja yauliza: Rayya, yangu tayari?

Akaingiza humo daftari saba za vipimo,
mwandiko wa marehemu baba:
shingo, bega, mkono, kifua, urefu,
na pembeni vijineno vyake, *huyu ana haraka*,
*huyu asiulizwe habari ya mwanawe.*
Vijineno mashine haikuvitaka.

Sasa yenyewe hupokea oda, hurudisha salamu,
hupiga hesabu ya yadi, huagiza uzi ukipungua,
humpangia Mainul zamu ya kukata,
hukumbusha deni kwa adabu kunishinda.
Nimeiachia yote, ila sharti moja:
pasitoke ujumbe, usishuke mkasi,
mpaka kidole changu kiseme ndiyo.
Ghaliya akacheka. Umeajiri bawabu, akasema,
na bawabu mwenyewe ni wewe.

Basi kila asubuhi, chai ya maziwa mkononi,
ndiyo, ndiyo, ndiyo,
kama mtu avutaye tasbihi
huku moyo uko kwenye mchuzi.
Siku ya nane nikaikubalia hivyo hivyo
na kanzu kumi na mbili za harusi ya Mudhaibi
zikakatwa rangi ya udongo, wao walitaka ya maziwa.
Nilitafuta wa kumlaumu.
Mashine ilikuwa imeuliza.
Mainul hakunena. Alikunja vile vipande
kimoja kimoja, taratibu, mbele ya macho yangu.

Lakini haki yake niitaje:
ndiyo iliyogundua, bila kejeli,
kwamba miaka minne nimemtoza mwalimu Sulayyim
kishada cha shingoni mara mbili.
Nikamrudishia riali sita na baisa mia nne.
Alizihesabu, akaniangalia, akazihesabu tena.

Jumatano, soko la wanawake limefurika nje,
ukatokea mstari mwekundu:
*Hamdun wa Sufala. Kifua,
mwaka jana arubaini na nne, leo thelathini na saba.
Yamkini ni kosa la kuandika.
Nirudishe arubaini na nne?*
Kitufe kikimetameta chini yake.

Nikamwita Mainul. Nani alimpima?
Mimi, mama, akajibu kwa Kiswahili chake cha kuokoteza.
Mara mbili pima. Kamba zunguka, kamba baki.
Kisha akashusha sauti: Yeye sema, usiseme.

Mashine haikukosea kushuku.
Mbele ya karatasi tupu na mimi ningeshuku.
Ila mimi nilimwona Ijumaa akishuka garini,
ameshika mlango kwa mikono miwili,
kanzu ya mwaka jana ikimfuata nyuma
kama imeazimwa kwa jirani.

Nikabonyeza hapana.
Ikataka sababu, Ghaliya aliiwekea kisanduku
ili ipate kujifunza.
Nikaandika *amekonda*. Nikafuta.
Siri si yangu, niiweke humo vipi?
Nikaandika: *kipimo ni sahihi.*

Halafu nikaenda nyuma, penye mvuke wa pasi.
Kata thelathini na saba, nikamwambia Mainul,
lakini upindo wa ndani uachie,
inchi tatu kila ubavu,
na ushone kwa mishono mirefu,
ile ifumukayo kwa kucha.
Akaitikia kwa kichwa, kama aliyekwisha kukata hivyo.

Usiku, wakati wa kufunga hesabu:
*kitambaa kimepungua robo yadi,
sababu haijulikani. Niandike upotevu?*

Ndiyo iko kulia, hapana iko kushoto.
Nimeteremsha mlango wa bati, nimetia kufuli.
Swali limebaki ndani, linawaka peke yake.