Kibirika cha Pembe Nane

Nilikinunua Memorial, kwenye lundo la mitumba,
kati ya pasi isiyo na waya na viatu vya mguu mmoja.
Muuzaji aliapa ni chombo cha kufukizia mafua.
Elfu nne. Nikatoa tatu na mia tano, nikaondoka
kabla hajaona ninavyotabasamu.

Hakikuwa na mpira.
Fundi Kilawe wa Mbuyuni akapima kwa kidole,
akakata mwingine kutoka mpira wa sufuria ya presha,
akasema: "Ukikiona kinatoa jasho shingoni, nirudishie."
Jiko langu la gesi lina meno mapana;
kibirika kilipiga magoti, kikaanguka.
Sasa kinasimama juu ya spoku nne za baiskeli
zilizochomelewa msalaba.

Taratibu zake si nyingi, ila hazitaki ubishi.
Maji yaishie chini ya kile kitundu cha pumzi;
ukikizamisha, umemziba mtu pua na kumwambia aimbe.
Kahawa ijae kikapuni hadi ukingo, usiishindilie
kama anayefunga gunia la mnadani.
Futa ukingo. Chembe moja ikibaki, mvuke utaiona.
Kaza kwa kushika kiuno, usishike mkono:
mkono wake ni wa kumiminia tu, hauna mfupa.
Moto uwe wa kunong'ona.
Kisha ngoja. Usiende kufua.

Kwanza kimya. Halafu tone jeusi, zito kama asali,
linachungulia, linarudi ndani,
linatoka tena na ndugu zake.
Kikianza kukohoa, epua.
Kinachokuja baada ya kikohozi ni majivu na lawama.

Julai mama alishuka kutoka Uru
kwa ajili ya jicho lake, kliniki ya KCMC,
akalala kwangu siku tatu.
Siku ya pili narudi kazini
nakuta kibirika kinawaka dirishani kama kalisi ya Pasaka.
Amekisugua kwa majivu, kwa mchanga, kwa stilwaya,
nje, ndani, mpaka kooni.
"Mwanangu, unakaaje na chombo cheusi hivi?
Mgeni akiingia?"

Miezi saba ya weusi nilioulea kwa maji matupu,
bila sabuni, nikikifungua kila usiku
kilale vipande vipande, kikauke, kisiote ukungu,
weusi uliokuwa umeanza kuiita kahawa kwa jina,
wote umekwenda na maji ya karo.

Nikafungua mdomo.
Nikaviona vidole vyake.
Kwenye mikunjo bado imo ile rangi
ya miaka ya kuchuma na kumenya,
ambayo majivu hayajawahi kuitoa.
Nikafunga mdomo.

Nilipika mara mbili, nikamwaga zote mbili,
maana bati lililovuliwa nguo lina ladha ya msumari.
Ya tatu nikammiminia.

Mama Ndeambilia, aliyepulizia mibuni mrututu
nami nikiwa mgongoni,
anayekumbuka bei ya kilo ya maganda
kwa kila mwaka tuliozaliwa,
na ambaye maisha yake yote amekunywa chai,
alishika kikombe kwa mikono miwili. Akanusa.
Akanywa. Akanyamaza.
"Ndiyo hii?"
Ndiyo hii, mama.
"Ndiyo hii waliyokuwa wakija kuifuata na malori?"
Akaiinamia kwa lile jicho zima,
kama mtu anayetafuta ufunguo kisimani.
"Chungu," akasema.
Halafu: "Sukari unaweka wapi?"

Asubuhi ya kuondoka niliamka nikasikia kiberiti.
Yuko jikoni, kanga mabegani,
sikio karibu na kifuniko.
Nilitaka kumuuliza maji ameyafikisha wapi.
Akanyoosha kidole bila kugeuka, ninyamaze:
kilikuwa karibu kukohoa.